Virusi Vinapoenea Kimyakimya: Kwa Nini Hata Wasio Wagonjwa Hupimwa

Umefika kliniki, mimba yako ina miezi sita. Huna homa, hukohoi, na usiku ulilala vizuri. Muuguzi anakupima presha, anakutoa damu kama kawaida, kisha anakuambia kwamba hospitali inafanya uchunguzi wa virusi kwa akina mama wote, na anaomba nawe ushiriki. Moyo unakudunda. Kwani ameona nini kwangu? Nikikutwa navyo, nitatenganishwa na wanangu?

Au pengine wahudumu wa afya wamebisha hodi nyumbani kwako. Wanataka kupima kila mtu wa nyumba hiyo, hata mtoto anayecheza uani bila mafua wala kikohozi.

Una haki ya kuuliza maswali hayo. Makala haya yanaeleza kwa nini watu wanaojihisi wazima hupimwa wakati wa janga la virusi, vipimo hivyo vinaweza kukuambia nini, visichoweza kukuambia ni nini, na mambo ya kuuliza kabla hujakubali.

Kwa ufupi

- Mtu anaweza kuwa na virusi na kuwaambukiza wengine bila yeye mwenyewe kuugua.
- Hesabu ya wagonjwa wa hospitalini huonyesha sehemu ndogo tu ya maambukizi.
- Kupima watu wa kila aina, wagonjwa na wazima, huonyesha virusi vimefika wapi na kwa kasi gani.
- Kuombwa kupimwa hakumaanishi kwamba unashukiwa.
- Una haki ya kueleweshwa, kukubali au kukataa, na huduma yako ya kliniki haipaswi kubadilika kwa sababu ya jibu lako.

Maambukizi ya kimyakimya ni nini?

Virusi vikiingia mwilini huchukua muda kabla ya dalili kutokea. Kwa virusi vya korona, muda huo mara nyingi ni siku chache, ingawa unaweza kufika wiki mbili. Siku moja au mbili kabla ya homa au kikohozi kuanza, mtu huyo tayari anaweza kuwaambukiza wengine. Wako pia ambao dalili haziji kabisa. Wanaambukizwa, mwili unapambana na virusi, na wanapona bila kujua kwamba walikuwa navyo.

Mfano mmoja unatoka katika wodi za kujifungulia. Mwishoni mwa Machi 2020 na siku za kwanza za Aprili, hospitali mbili za jijini New York, Marekani, ziliamua kumpima kila mama aliyekuja kujifungua, awe na dalili au asiwe nazo. Walikuja akina mama 215. Wanne tu ndio waliokuwa na dalili za korona, na wote wanne walikutwa na virusi. Kati ya wale wasio na dalili yoyote, wengine 29 walikutwa navyo pia. Kwa maneno mengine, wenye virusi walikuwa 33, na 29 kati yao wangepita mlangoni bila mtu kushuku lolote kama hospitali ingepima tu wanaokohoa.

Akina mama hao hawakuwa wamefanya kosa lolote wala kuficha kitu. Hawakujua. Kwa kuwa hospitali ilijua, iliweza kupanga wodi zake, kuwakinga wakunga, na kuwaeleza akina mama hao namna ya kuwalinda watoto wao wachanga.

Kwa nini hesabu ya wagonjwa haitoshi?

Wakati wa janga tunasikia kila jioni kwenye redio: leo wamepatikana wagonjwa kadhaa, wamefariki kadhaa. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini hutokana na watu waliofika kupimwa. Ni kama kutazama shamba la mhogo. Unaona majani, ila huwezi kujua ukubwa wa mhogo ulio ardhini mpaka uchimbe.

Kenya ilichimba mapema. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao walipima damu ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wamejitolea kuchangia benki ya damu. Hawa walikuwa watu waliojihisi wazima, kwa maana mgonjwa haruhusiwi kutoa damu. Mwanzoni mwa Juni mwaka huo, nchi nzima ilikuwa imetangaza visa vya korona takriban 2,000 na vifo karibu 70.

Damu ilisema jambo jingine. Baada ya hesabu kurekebishwa ili zilingane na umri na makazi ya Wakenya, takriban watu 4 katika kila 100 walikuwa wameshapata virusi. Mombasa walikuwa 8 katika kila 100, na Nairobi 7. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47, hata ukihesabu watu wazima peke yao, hiyo ni zaidi ya watu milioni moja. Kwa kila mtu mmoja aliyetangazwa, mamia ya wengine walikuwa wameambukizwa bila kuhesabiwa.

Jambo hilo lilileta habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa nzito: virusi vilikuwa vimeenea mbali kuliko ilivyodhaniwa, na kufunga mlango kwa anayekohoa peke yake kusingetosha. Ya pili ilikuwa na nafuu: kama walioambukizwa ni wengi kiasi hicho na vifo vilivyoonekana ni vichache, basi wengi wa walioambukizwa hawakuwa wakifikia hatua ya kuugua sana. Umri mdogo wa watu wengi nchini ni sababu mojawapo. Hakuna hata moja kati ya habari hizo ambayo ingejulikana kwa kuhesabu vitanda vya hospitali.

Vipimo ni vya aina mbili, na maswali yake ni mawili

Akina mama wengi huchanganya vipimo hivi, na si ajabu, kwa kuwa mara nyingi hutajwa kwa pamoja.

*Kipimo cha kijiti cha pamba.* Mhudumu huingiza kijiti chenye pamba puani au kooni, hukizungusha kidogo, kisha hukipeleka maabara au hukisoma papo hapo. Kipimo hiki hutafuta virusi vyenyewe. Swali lake ni hili: je, sasa hivi mtu huyu ana virusi? Kinakera kwa sekunde chache, macho yanaweza kutoa machozi na mtoto anaweza kulia, lakini hakiachi kidonda.

*Kipimo cha damu cha kingamwili.* Mwili ukipambana na virusi hutengeneza askari wake, ambao huitwa kingamwili. Virusi vikishaondoka, askari hao hubaki kwenye damu kwa miezi kadhaa. Kipimo hiki huwatafuta hao. Swali lake ni hili: je, mtu huyu aliwahi kupata virusi hivi siku zilizopita? Chanjo nayo huweza kuuongoza mwili kutengeneza kingamwili, ndiyo maana watafiti hutaka kujua kama umechanjwa.

Kumbuka tofauti hiyo. Ukiambiwa damu yako ina kingamwili, haimaanishi kwamba leo una virusi au kwamba utamwambukiza mwanao. Na ukiambiwa huna, haimaanishi kwamba una kinga au kwamba hukuambukizwa juzi, kwa sababu mwili huchukua wiki moja hadi tatu kuzitengeneza.

Watu wa kupimwa huchaguliwaje?

Kama unataka kujua iwapo sufuria ya mchuzi imekolea chumvi, huhitaji kunywa sufuria nzima. Unakoroga vizuri, unaonja kijiko kimoja. Uchunguzi wa jamii hufanya hivyohivyo, na kazi kubwa iko katika kukoroga: waliochaguliwa lazima wafanane na jamii yote.

Njia ya kwanza ni kuchagua kaya kwa bahati nasibu. Hispania ilifanya hivyo kuanzia mwisho wa Aprili 2020, ikapima watu zaidi ya 61,000 wa umri wote. Walioonekana kuwa na kingamwili walikuwa karibu 5 katika kila 100, na kama theluthi moja yao hawakukumbuka kuwa na dalili yoyote.

Njia ya pili ni kupima kila mtu katika mji mdogo. Mji wa Vo' huko Italia, wenye wakazi zaidi ya 3,200, ulifungwa Februari 2020 baada ya mkazi wake kufariki kwa korona. Wakazi wengi walipimwa kwa kijiti mwanzoni mwa kufungwa huko, kisha wakapimwa tena mwishoni. Zaidi ya 4 katika kila 10 waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili. Kwa kuwa walijulikana, walikaa nyumbani, na kwenye kipimo cha pili kiwango cha maambukizi kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu.

Njia ya tatu ni kutumia damu ambayo tayari imetolewa kwa sababu nyingine. Hapo ndipo benki ya damu inapoingia, na hapo ndipo unapoingia wewe mama.

Kwa nini akina mama wajawazito?

Kliniki ya wajawazito ni mahali pa pekee. Wanaokuja pale hawakuja kwa sababu ni wagonjwa, wamekuja kwa sababu wana mimba. Wanatoka mjini na vijijini, matajiri na maskini, waliosoma na wasiosoma, na wanakuja mwaka mzima. Katika hudhurio la kwanza hutolewa damu ili kupima wingi wa damu, kundi la damu, kaswende na VVU. Damu kidogo hubaki. Nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zimetegemea kliniki hizi kwa miaka mingi ili kufuatilia kiwango cha VVU katika jamii.

Wakati wa korona, watafiti nchini Kenya walitumia mabaki ya damu ya akina mama 2,981 waliohudhuria kliniki katika hospitali tatu: moja Nairobi, moja Busia na moja Kilifi, kati ya Agosti 2020 na Oktoba 2021. Matokeo yalikuwa haya:

- Nairobi: Agosti 2020, akina mama 50 katika kila 100 walikuwa na kingamwili. Oktoba 2021, walikuwa 85.
- Busia: Mei 2021, walikuwa 31 katika kila 100. Oktoba 2021, walikuwa 71.
- Kilifi: Septemba 2020, alikuwa mmoja tu katika kila 100. Oktoba 2021, walikuwa 63.

Tazama Nairobi na Kilifi kwa makini. Nchi ni ile ile, na kati ya vipimo hivyo viwili ulipita mwezi mmoja tu, lakini nusu ya akina mama wa Nairobi walikuwa wameshakutana na virusi ilhali wa Kilifi karibu wote walikuwa bado. Mwaka mmoja baadaye virusi vilikuwa vimefika Kilifi pia, na vilifika bila kelele. Chanjo haiwezi kueleza ongezeko hilo lote. Hata mwishoni mwa uchunguzi, akina mama waliokuwa wamechanjwa Nairobi walikuwa 13 tu katika kila 100, na Busia 2 katika kila 100.

Kwa mpangaji wa huduma za afya, takwimu za namna hii ni kama taa. Huonyesha ni wapi watu wengi bado hawajakutana na virusi, kwa hiyo ni wapi wimbi la wagonjwa huenda likapiga baadaye. Huko ndiko panapostahili kuandaliwa oksijeni, wauguzi na chanjo kabla wimbi halijafika.

Njia hii ina upungufu wake. Akina mama wajawazito hawawakilishi wanaume, wazee wala watoto. Hospitali kubwa ya jijini huwapokea wanaotoka mbali na wenye matatizo zaidi. Ndiyo maana takwimu za kliniki husomwa pamoja na za benki ya damu na za kaya.

Je, watoto nao?

Wazazi wengi husita zaidi mhudumu anapoomba kumpima mtoto. Inasaidia kujua ni kwa nini anaomba.

Watoto wengi wakipata korona huugua kidogo au hawaugui kabisa. Kwa hiyo ukihesabu wanaofika hospitali tu, watoto karibu hawaonekani. Huko Vo', watoto 234 wa umri wa miaka 10 na chini walipimwa na hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi, ingawa baadhi yao waliishi nyumba moja na walioambukizwa. Wengine walidhani kwamba watoto hawaambukizwi kabisa. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata katika nchi nyingi zilionyesha kuwa wanaambukizwa, na wanaweza kuambukiza. Mji mmoja mdogo, katika wiki chache za mwanzo, haukutosha kujibu swali hilo.

Maswali mazito hutegemea majibu ya aina hii: shule zifungwe au zifunguliwe, bibi anayelea wajukuu akae nao au atengwe nao. Bila kupima watoto wanaoonekana wazima, maamuzi hayo hufanywa kwa kubahatisha, na mtoto wako ndiye anayebaki nyumbani.

Kwa nini huenda nisipewe jibu langu?

Hili huwaudhi wengi, na lina maelezo mawili.

La kwanza ni kwamba mara nyingi jina huondolewa kwenye sampuli kabla ya kupimwa. Hubaki namba, umri na eneo. Mtu wa maabara hajui damu hiyo ni ya nani, kwa hiyo hawezi kukurudishia jibu. Hiyo ni kinga yako, ili jirani, mwajiri au mtu mwingine asije akajua.

La pili ni la hesabu. Tuseme katika mtaa wa watu 1,000, watu 10 wana kingamwili kweli. Kipimo kinawapata 9 kati ya kila 10 walio nazo, na kinakosea kwa watu 2 katika kila 100 wasio nazo. Katika wale 10, kitawapata 9. Katika wale 990 waliobaki, kitasema kimakosa kwamba watu kama 20 wanazo. Jumla ya majibu ya "ndiyo" itakuwa 29, na ya kweli ni 9 tu.

Mtafiti anajua kipimo chake hukosea kiasi gani, kwa hiyo anaweza kurekebisha hesabu ya mtaa mzima na kupata jibu lililo karibu na ukweli. Lakini hawezi kukuambia wewe, katika wale 29, uko upande gani. Kipimo hicho hicho kinaweza kuwa kizuri kwa kuielewa jamii na kisifae kumpa mtu mmoja jibu la kutegemea.

Kwa kijiti cha pamba hali ni tofauti. Kinachotafutwa ni virusi vya sasa, na jibu linagusa afya ya nyumba yako leo. Ukipimwa kwa njia hiyo, uliza utapataje jibu na baada ya muda gani.

Kabla hujakubali, uliza

Huhitaji kuwa daktari ili kuuliza. Mhudumu mzuri atafurahi kukujibu kwa lugha unayoielewa.

1. Mnapima nini, virusi vya sasa au kingamwili?
2. Uchunguzi huu unafanywa na nani, na umeidhinishwa na kamati gani ya maadili?
3. Mtachukua nini kwangu au kwa mtoto, na kiasi gani?
4. Jina langu litaandikwa? Nani ataliona?
5. Nitapewa jibu? Kama ndiyo, nikikutwa na virusi nitasaidiwaje?
6. Damu itakayobaki itahifadhiwa au itatupwa?
7. Nikikataa, huduma yangu itabadilika?

Jibu la swali la mwisho linapaswa kuwa "hapana". Mama hanyimwi huduma ya kliniki, dawa wala kadi ya mtoto kwa kukataa kushiriki utafiti. Na ukikubali leo, unaweza kubadili mawazo kesho.

Jua pia kwamba zipo tafiti zinazotumia mabaki ya damu yasiyo na majina, kwa idhini ya kamati ya maadili, bila kila mama kuombwa ruhusa peke yake. Kama jambo hilo linakutia wasiwasi, muulize muuguzi mkuu wa kliniki yako utaratibu wao ukoje. Jambo moja usilifanye: usiache kwenda kliniki kwa kuogopa kupimwa. Presha ya mimba, upungufu wa damu na kaswende humdhuru mama na mtoto kila siku, kuwe na janga au kusiwe nalo, na hugunduliwa palepale kliniki.

Nimekutwa na virusi vya korona lakini najihisi mzima. Nifanye nini?

- Tulia. Watu wengi wasio na dalili hupona bila kuugua. Fuata muda wa kukaa nyumbani utakaoelezwa na mhudumu wako.
- Endelea kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linawashauri akina mama wenye korona waendelee kunyonyesha. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na vaa barakoa unapokuwa karibu naye. Ushauri huu ni wa korona. Kwa magonjwa mengine, muulize mhudumu.
- Usimvishe barakoa mtoto wa chini ya miaka 2. Inaweza kumziba pumzi.
- Fungua madirisha. Nyumba nyingi zina chumba kimoja au viwili, na si kila mtu anaweza kutengwa na chumba chake. Hewa inayopita husaidia sana. Kama inawezekana, bibi, babu au mwenye kisukari, presha au pumu asilale chumba kimoja nawe kwa siku hizo.
- Waambie uliokaa nao karibu, ili nao wajiangalie. Kuwaambia ni kuwajali.

Nenda hospitali haraka ukiona dalili hizi, hata kama kipimo chochote kilisema huna virusi:

- Kwa mtoto: anapumua haraka au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.
- Kwa mjamzito: kushindwa kupumua vizuri, maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, kutokwa na damu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Kuna njia nyingine ya kuona virusi visivyoonekana

Si kila uchunguzi unahitaji pua au damu ya mtu. Virusi vingine hutoka na choo, na vinaweza kupatikana katika maji taka ya mtaa mzima. Machi 2018, kirusi cha polio kilichotokana na chanjo, chenye uhusiano na kile kilichokuwa kikienea Somalia, kilipatikana katika sampuli ya maji taka kutoka Kamukunji, Nairobi. Hakuna mtoto nchini Kenya aliyekuwa ameonekana kupooza kwa kirusi hicho. Kampeni ya chanjo iliandaliwa, na watoto wakapewa matone kabla mzazi yeyote hajaamka akakuta mguu wa mwanawe umelegea.

Kwa hiyo siku timu ya chanjo ikibisha hodi mtaani kwenu wakati "hakuna polio", huenda kuna kitu maji yameonyesha ambacho macho hayajaona bado. Unaweza kuwauliza, kama unavyoweza kumuuliza muuguzi mwenye kijiti cha pamba kliniki. Ukisharidhika na majibu, ni juu yako kuamua.